Shahada ya Kujipangia

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kazi yangu ilikuwa kuingia madukani bila taarifa na kukagua mizani. Nilibeba sanduku la mawe ya shaba yaliyothibitishwa uzito. Ninaweka jiwe la kilo kwenye sahani, natazama sindano inasema nini, basi. Nimeona risasi iliyogandishwa chini ya sahani kwa lami. Nimeona sumaku. Nimemwona muuza nyama aliyekuwa na desturi ya kuegemeza tumbo kwenye meza kila alipopima. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba nina wasiwasi kupita kiasi, simbishii. Wasiwasi ndio ulionijengea nyumba hii ninayokaa.

Nyumbani tuko watatu. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, akiondoka hurudi baada ya wiki kadhaa. Tunaobaki ni mimi, mkewe, na binti yao mdogo ambaye tunamwita Kasuku kwa sababu lolote analolisikia hulirudia, tena kwa sauti ya mwenyewe aliyelisema. Mama yake nikamwita Mama Kasuku, na jina likamganda hadi kazini kwake. Yeye ni muuguzi katika kituo cha afya, na kwa sasa anakaimu ukuu wa kitengo cha chanjo.

Siku aliyoniletea habari ile nilikuwa nanyoa ndevu uani.

"Baba, nimekubaliwa chuo."

"Vizuri. Chuo kiko wapi?"

"Kwenye mtandao."

"Nimekuuliza kiko wapi, sikuuliza kimo ndani ya nini."

Akacheka. "Majengo yapo, Baba, lakini mbali. Sisi tunasomea nyumbani. Ni shahada ya uzamili ya afya ya jamii, kwa watu walio kazini. Inanyumbulika."

"Inanyumbulika kama nini? Kama mpira wa soksi?"

"Maana yake unajipangia. Kuna masomo ya lazima na kuna ya kuchagua. Ukiwa na nafasi unachukua matatu kwa muhula, ukibanwa unachukua moja. Ukizidiwa kabisa, unapumzika muhula mzima, halafu unarudi."

"Na mtihani nao unajitungia?"

"Baba nawe!"

Sikuwa natania. Elimu yangu niliipata katika shule ya jioni, kwenye darasa lenye taa moja iliyokuwa ikipepesa. Kengele ikilia mlango unafungwa, na aliyechelewa anasomea dirishani. Hakuna aliyewahi kuniuliza napenda kuanza na somo lipi. Angeniuliza, ningeikimbia aljebra hadi leo. Chuo kinachomwambia mwanafunzi ajipakulie mwenyewe kilinikumbusha wale wenye maduka waliokuwa wakinikaribisha kwa soda kabla sijafungua sanduku langu.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mganga mkuu wa kituo alikuwa amemwambia wazi: cheo atathibitishwa endapo ataonyesha mpango wa masomo unaomaliza yale ya lazima yote mwaka wa kwanza. La sivyo, ataletwa mkuu mwingine kutoka nje, na yeye atarudi kudunga sindano chini ya mtu asiyejua hata friji ya chanjo inafunguliwaje. Mpango uwe umefika chuoni na kwa mganga mkuu ifikapo Ijumaa.

Na mpango huo ulinihitaji mimi. Vipindi vilikuwa vya jioni, moja kwa moja kwenye kompyuta, mwalimu anaongea na wao wanajibu. Kasuku hawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayeongea bila kuongea naye.

"Nitakuomba unishikie huyu Jumatatu na Jumatano jioni, Baba. Bila wewe siwezi hata kuanza."

"Nitafikiri," nikamjibu. Kwa lugha ya kazi yangu ya zamani, hilo maana yake ni kwamba bado sijaweka jiwe kwenye sahani.

Akaanza kupanga. Alitandika karatasi kubwa ya manila kwenye meza ya kulia chakula, akachora mihula na siku za wiki, akakata vipande vya rangi, kila kipande somo moja: mienendo ya magonjwa, takwimu za afya, afya ya mazingira, lishe, sera, uongozi. Kila jioni akirudi kazini anavisogeza huku na huko kama mtu anayecheza bao na nafsi yake. Sisi tukawa tunakula tumeshika sahani mapajani.

Mimi nilikuwa napita nikijifanya natafuta miwani. Na nilichokiona hakikunipendeza.

Kwanza, takwimu. Kipande chekundu, somo la lazima, alikisukuma hadi mwaka wa pili. Mtu aliyeambiwa amalize ya lazima mwaka wa kwanza ndipo apewe cheo, kwa nini alikimbize somo la lazima mwaka wa pili? Ama anaogopa hesabu, ama cheo si anachokitafuta.

Pili, na hili lilinikosesha raha, kila muhula, toka wa kwanza hadi wa mwisho, Jumanne na Alhamisi jioni zilikuwa tupu. Hakuna kipande hata kimoja. Jumatatu imejaa, Jumatano imejaa, hata Jumamosi ameibana. Lakini Jumanne na Alhamisi ni weupe wa manila mtupu.

Sasa, Jumanne na Alhamisi jioni mimi huwa sipo nyumbani. Nina darasa langu la uhasibu katika ukumbi wa elimu ya watu wazima. Sina biashara ya kuitunzia hesabu, lakini napenda kujua wenye biashara wanavyotunza zao. Sijawahi kukosa kipindi, na nilishatangaza katika nyumba hii kwamba nikifa siku ya Jumanne, mazishi yasubiri kipindi kiishe.

Tatu, kulikuwa na mtu anayeitwa Mshauri. Chuo kimempa kila mwanafunzi mshauri wa kumsaidia kuchagua masomo. Huyu wa kwetu alikuwa mwanamume. Alikuwa akipiga simu magharibi, na Mama Kasuku alikuwa akichukua simu na kwenda nayo barazani, mlango unarudishwa nyuma yake. Kupitia dirishani nilisikia kicheko. Mara moja nikamsikia akisema, "Hapana, siku hizo Baba hayupo, ndiyo maana."

Mume yuko safarini. Baba mkwe yuko darasani. Siku mbili kwa wiki zimeachwa wazi kwa rula na penseli. Nikamtazama Kasuku anayechora kuku sakafuni, nikajiambia: mzee, fungua sanduku.

Mizani huikagui kwa kuigombeza. Unaiwekea kitu ambacho uzito wake unaujua. Nami kitu ambacho uzito wake naujua kwa uhakika ni mimi mwenyewe: cheti cha kidato cha nne cha shule ya jioni, cheti cha ukaguzi, na vipande vingine vitatu vya karatasi nilivyovitia fremu. Shahada sina. Chuo kikinikubali mimi kusoma uzamili, basi ni wezi. Na huyo Mshauri, nikizungumza naye nitajua sauti yake ina nini.

Kesho yake mchana, Mama Kasuku yupo kazini, nikapiga namba ya Mshauri iliyoandikwa pembeni ya manila. Kasuku alikuwa amekaa mapajani pangu akila ndizi.

"Chuo hapa, kitengo cha ushauri wa masomo. Nikusaidie nini?"

Sauti laini. Sauti za namna hiyo nazijua.

"Nataka kusoma uzamili wa afya ya jamii," nikasema. "Ule wa kujipangia."

"Karibu sana, mzee wangu. Shahada ya kwanza ulisomea nini?"

"Sikusoma ya kwanza. Nataka kuanza na hii."

Nikamweleza vyeti vyangu, kimoja baada ya kingine, pamoja na sahihi zilizomo. Alinisikiliza hadi mwisho, hilo nitamsifu.

"Hongera, mzee. Kwa kweli hongera. Lakini huku hutaweza kuingia bila digrii."

"Hata nikilipa mapema?"

"Hata ukilipa leo."

"Mnasema mnanyumbulika."

"Tunanyumbulika kwenye ratiba. Mlangoni hatunyumbuliki."

Sindano ikasimama pale pale palipotakiwa. Jiwe la kilo, kilo moja. Ningepaswa kufurahi, maana chuo kilikuwa chuo. Lakini mtu mwenye vyeti vitano kwenye fremu hapendi kuambiwa na kijana kwamba hafiki. Nikageukia la pili.

"Na wewe kijana, mbona unawapigia wanafunzi simu jioni?"

"Mchana wako kazini, mzee."

"Hata wake za watu?"

Akauliza, kwa ile ile sauti yake laini: "Samahani. Unataka kusoma au unataka kupeleleza?"

Nikakata.

Jioni ile tulikula kama kawaida, sahani mapajani. Mama Kasuku alikuwa amechoka, bado hajavua sare. Nilikuwa najiandaa kumuuliza mambo kwa utaratibu, nikianza na takwimu, ndipo Kasuku akameza tonge, akanitazama, na kwa sauti laini ya kiume akasema:

"Samahani. Unataka kusoma au unataka kupeleleza?"

Mama yake akaweka sahani chini. "Umesikia wapi hayo?"

"Kwenye simu ya Babu. Babu hana digrii. Hata akilipa leo."

Nilitazama tonge langu.

"Baba," akasema taratibu, "leo nikitoka kazini Mshauri kanipigia akicheka. Kaniambia kuna mzee kapiga simu, mkali kama mkaguzi wa kodi, anataka uzamili bila digrii na anauliza habari za wake za watu. Nikacheka naye. Sikujua namcheka nani."

Nikaona sasa kimbilio pekee ni kushambulia.

"Na mimi nikuulize. Jumanne na Alhamisi ni za nani?"

"Za nani vipi?"

"Umejaza wiki nzima, ukaacha jioni mbili ambazo mimi sipo. Mume wako hayupo. Mtu anapiga simu, mlango unafungwa, unamwambia siku hizo Baba hayupo. Mimi nimekagua mizani, si mtoto."

Nilitegemea atalia au atafoka. Akanitazama tu, kama anavyomtazama mgonjwa anayekataa sindano.

"Ni zako, Baba."

"Zangu?"

"Mwaka wa kwanza takwimu inafundishwa muhula wa kwanza, Jumanne na Alhamisi jioni. Siku hizo hizo tu; mwaka wa pili ndipo inapohamia Jumamosi. Mshauri ananisukuma niichukue sasa, anasema ndiyo inayofungua masomo mengine. Namwambia siwezi, siku hizo Baba hayupo, hakuna wa kumshika mtoto. Ananicheka, ananiuliza huyo mzee hawezi kukosa darasa hata kidogo? Namwambia humjui. Kwake hata mazishi yatasubiri." Akasimama, akachukua kipande chekundu kutoka mwisho wa manila. "Mlango naufunga kwa sababu huyu hapa atarudia kila neno. Nawe ungesikia nakusema, ungejiona unaombwa. Nilishaapa sikuombi siku hizo."

"Na cheo?"

"Cheo kitakwenda kwa mtu mwingine. Nimeshakubali. Nitamaliza polepole, ndiyo faida ya kunyumbulika."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Laiti angenipigia kelele ningepata pa kushikia. Alikuwa tayari kushushwa kwenye kitengo alichokiendesha vizuri, ili mimi nijue wafanyabiashara wanavyoandika faida na hasara.

"Ungeniuliza," nikasema.

"Ningekuuliza, ungesemaje?"

Nilitaka kumjibu upesi. Nikapima jibu nililokuwa nalo, nikaona ni jepesi. Ningesema hapana. Ningesema kila mtu na shule yake.

"Kasuku, toka hapo kwenye manila," nikasema badala yake. Mtoto akasogea. Nikamnyang'anya mama yake kipande chekundu, nikakiweka muhula wa kwanza, Jumanne. Kilikuwa kimoja, lakini siku zilikuwa mbili, kwa hiyo nikakikata katikati kwa mkasi, nusu nyingine nikaiweka Alhamisi.

"Baba, usifanye hivyo kwa hasira. Wiki ya tatu utanilaumu."

"Nitakulaumu ukifeli. Na sijamaliza. Chuo nimekipima kwenye mlango tu, mafundisho yenyewe sijayapima. Nitakaa humu humu chumbani, nyuma ya hiyo kompyuta, mtoto mapajani, nisikilize kila kitu. Nikisikia upuuzi mmoja, nazima umeme wa nyumba nzima."

"Mwalimu wa takwimu ni mwanamke, Baba."

"Sikuuliza."

"Najua hukuuliza."

Ijumaa mpango ulifika kwa mganga mkuu na chuoni. Mwalimu wangu wa uhasibu nilimwarifu kwamba nina udhuru wa kifamilia hadi mwisho wa muhula. Akaniambia niwe na amani, darasa halitahama. Sikupenda jinsi alivyokubali haraka.

Jumanne ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha kona, mahali ambapo kamera hainioni. Kasuku nilishamwahidi ndizi mbili akikaa kimya, na akalala kabla hajaidai ya kwanza. Mama Kasuku alikaa wima mbele ya kompyuta, bado na sare. Mwalimu akatokea, mwanamke wa makamo mwenye mafua, akasalimia, kisha akasoma uzito wa watoto kumi waliopimwa kliniki na kuwauliza wanafunzi wastani ni kiasi gani.

Uzito! Nikavuta penseli na kugeuza bahasha tupu. Nilijumlisha na kugawa, kisha nikarudia kwa kuanzia chini kwenda juu, kama nilivyofundishwa. Mwalimu alipotaja jibu lake nilikuwa nimeshapata langu.

Yalilingana. Nikageuza bahasha upande wa pili na kungoja swali linalofuata.