Wanaobaki Kwenye Ndege

Kr. Kr. Kr. Gizani, kabla jogoo wa jirani hajakumbuka kazi yake, maharage yalikuwa yanadondoka kwenye ungo, moja moja. Imelda alifumbua macho akasikiliza. Hakuhitaji taa kujua ni nani. Mama yake, Emiliana, alikuwa ameketi sebuleni anachambua maharage kwa vidole tu, na Imelda alijua tangu utotoni kwamba mama akichambua maharage bila kuyaona, kuna jambo limemkaa moyoni.

Maharage yenyewe yalitoka Buhinyuza, kule Muyinga anakoishi mama, na yalikuwa yanakwenda Nairobi. Yakobo, kaka yake Imelda, alikuwa amepata mtoto huko, na mzazi hawezi kukaa bila mtu wa kwao kuja kumhemba, yaani kumletea chakula kizuri na kumpokea mtoto mikononi. Miaka tisa Yakobo hajamwona mama yake. Sasa alikuwa ametuma tiketi mbili za ndege: moja ya mama, na moja ya Raissa, binti yake Imelda wa miaka sita, ili bibi asisafiri peke yake. Imelda mwenyewe hakuweza kwenda. Ndege ilikuwa kesho Jumapili, na Jumatatu mitihani ya masomo yake ya jioni ilikuwa inaanza, mitihani aliyoisomea miaka mitatu, daftari mkono mmoja na mwiko mkono mwingine.

Basi ilibidi mama afundishwe ndege.

Mwalimu alikuwa Shakila, jirani yao hapo Musinzira, mtaa wa mjini Gitega, mama Husni, mfanyabiashara wa vitenge aliyekwisha kupanda ndege hadi amezichoka. Alikuja asubuhi hiyo hiyo, akasogeza meza ukutani, akapanga viti vitatu mstari mmoja na viwili nyuma yake.

"Bon, mama, sikia," alisema, mikono kiunoni. "Hii ndege inatoka Bujumbura, inatua Kigali, kisha ndiyo inaenda Nairobi. Pale Kigali ni karibu sana. Hata soda hujamaliza, imeshatua. Watu wa Kigali wanashuka, wengine wapya wanapanda. We unabakia. We ni wa Nairobi."

"Wao wanashuka, mimi nimekaa tu?"

"Umekaa tu."

"Kama gunia?"

"Kama gunia, mama. Gunia iko na adabu, haishuke njiani."

Raissa alicheka mpaka akashika tumbo. Emiliana hakucheka.

Imelda alijifunga kitambaa shingoni, akawa mhudumu. Akasimama mlangoni na kutangaza kwa sauti ya redio: "Wazee na wenye watoto wadogo, karibuni mtangulie." Emiliana, aliyekuwa barazani na mkoba wake, hakusogea.

"Watangulie wageni," alisema.

"Mama, wewe ndiye unayeitwa."

"Niwapite watu kama mbuzi aliyeona shamba?"

"Huko wazee wanaingia kwanza," Shakila alisema kutoka nyuma yake. "Ukikataa, donc, wote tunasimama hapa mpaka jioni. Ingia, mama, miguu inaniuma."

Hilo alilikubali. Akaketi kiti cha katikati, Raissa dirishani, Shakila pembeni kwenye njia. Ndege ikaruka kwa mdomo wa Raissa. Ikatua. Shakila akasimama, akasema, "Mi nimefika, kwaherini."

Emiliana naye akasimama. Akamshika mabega, kifua kwa kifua, upande huu na upande ule, akamtakia amani, akawatumia salamu wa nyumbani kwake wote, kisha akamshika Raissa mkono na kumsindikiza Shakila hadi barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa.

"Mama, umeshuka!" Imelda aliita. "Umeshuka Kigali!"

Wakarudia. Akashuka tena. Mara ya tatu Shakila aligeuka pale barabarani na kurudi upesi, safari hii akiwa abiria mpya wa Kigali, akajiketisha kwenye kiti cha Emiliana kwa makusudi. Emiliana alipoingia akakiona kiti kimejaa, akatandika mkeka chini na kukaa.

"Mama, hicho kiti ni chako! Kina namba!"

"Ameshakaa. Nimwinue mgeni?"

"Ndiyo!"

"Wewe," mama alisema polepole, "nilikulea wapi?"

Hapo uvumilivu ukamwishia Imelda. Sauti ikapanda yenyewe. "Mama, ni mara ngapi? Ukishuka Kigali, ndege inaondoka! Utabaki uwanjani, na mtoto wangu mkononi, katika nchi ambayo hujui mtu!"

Emiliana aliinuka, akachukua ungo wake wa maharage, akatoka nje kwenye ua.

Imelda alikitoa kitambaa shingoni. Aliona mambo mawili tu mbele yake: ama aache mitihani aende nao mwenyewe, kama nafasi ingepatikana, ama ampigie Yakobo na kumwambia mama haji. Akachukua simu. Shakila akaifunika kwa kiganja.

"Usimupigie. Nenda umuulize kwanza. Mama yako si mujinga. Mutu anakosea mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ni kwamba anakataa."

Mama alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa. Imelda akakaa chini karibu na miguu yake, akaanza naye kuchambua. Waliondoa mawe kadhaa kabla hajauliza.

"Mama, ni nini?"

Emiliana aliangalia maharage. "Unalikumbuka lori la kuturudisha kutoka kambi ya wakimbizi, Tanzania?"

"Kidogo. Vumbi nalikumbuka."

"Lilisimama Kobero, mpakani. Bwana mmoja akasema kwa kipaza sauti: wa Muyinga washuke, wa Gitega wabaki wamekaa, asisimame mtu. Sisi baba yako alikuwa wa Bukirasazi, upande wa Gitega, kwa hiyo tulikuwa wa kubaki. Mdogo wangu Gaudensia aliolewa na mtu wa Buhinyuza, akawa wa kushuka. Alipita mbele yangu na mtoto mgongoni. Akainama anipe mkono. Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu, na yule bwana amesema asisimame mtu. Nikampa vidole tu. Nikamwambia, tutaonana, si nchi moja?"

Akatupa jiwe dogo nje ya ungo.

"Maharage ya msimu ule hayajakomaa, akaja mtu Bukirasazi kuniambia Gaudensia hayupo. Baba yako alipofariki ndiyo nikahamia Buhinyuza, niwalee wanawe. Nilimuaga nimekaa, Imelda. Tangu siku ile mtu hashuki mbele yangu mimi nimekaa. Sitaanza leo kwa sababu ya ndege."

Imelda aliuweka mkono wake juu ya goti la mama na kuuacha hapo. Miaka yote hiyo aliijua safari ile kama habari ya vumbi na usingizi.

Shakila alikuwa amesimama mlangoni, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo, lakini mtu wa biashara hakai na kilio muda mrefu.

"Mama," alisema, "nani alikwambia kusimama ni kushuka? Mi ndo nimekukosesha. Nimekuweka kiti cha katikati. We unataka kiti cha njiani! Mwenye kukaa njiani analazimika kusimama, wa ndani apite. Kesho pale mnapoonyesha tiketi, mnaomba: bibi njiani, mtoto katikati. Wa dirishani akishuka Kigali, unasimama, unamuaga vizuri, unamukumbata kama anakubali. Kisha unakaa. Mlango wa ndege usiuguse tu."

Emiliana alifikiri. "Nasimama?"

"Unasimama wima."

"Na dirisha?" Raissa aliuliza, maana tangu tiketi zije alikuwa anaota dirisha. Wote wakamtazama. Mtoto akakunja uso, akapiga hesabu zake ndani ya kichwa, akapumua. "Mgeni achukue," alisema. "Akishuka Kigali, nitasogea."

"Akipanda mwingine je, mwenye kiti hicho?" Imelda alimuuliza.

"Nitarudi katikati."

Wakaingia ndani kujaribu mara ya mwisho. Shakila dirishani, Raissa katikati, Emiliana njiani, mkoba chini ya kiti cha mbele. Ndege ikaruka, ikatua. Shakila akainuka. Emiliana akasimama, akatoka kumpisha, akamshika mabega, upande huu na upande ule, bila haraka, na Imelda safari hii hakusema kitu. Akaona midomo ya mama inatamka amani. Kisha Emiliana akatembea na mgeni wake. Hatua moja, ya pili. Karibu na mlango akasimama, akaushusha mkono, akamwacha Shakila atoke peke yake.

Imelda alianza kupumua. Lakini wakati huo huo Shakila alipishana barazani na Audax, mume wake Imelda, aliyekuwa anatoka kwenye kazi yake ya kuchomelea milango, njaa imemkamata, hajui habari za ndege wala za Kigali. "Mbona viti vimepangwa kama kanisani?" alisema, akapita, na akajitupa kwenye kiti cha kwanza alichokiona kitupu. Kile cha njiani.

Emiliana alisimama katikati ya sebule. Mgeni mtu anaweza kumwinua, kwa shida. Lakini mkwe! Mama mkwe hamwambii mume wa binti yake ainuke, hata nyumba iwe inawaka moto. Imelda aliona macho ya mama yanaelekea kwenye mkeka ukutani, pale pale pa siku zote, na akaifumba midomo yake kwa nguvu, kwa sababu kesho yeye hatakuwepo kusema lolote.

Raissa alimgeukia baba yake na kumgusa begani.

"Baba, hapo anakaa bibi."