Matairi Yasiyosema

Shemeji yangu Nkuba alichomoa ufunguo wa lori, akaufumbata kiganjani, akasema mbele ya abiria wote, "Kuanzia hapa naendesha mimi."

Tulikuwa Nyololo, kando ya barabara kuu, ukungu wa Mufindi ukiwa bado haujaamua kama utanyanyuka au utageuka mvua. Abiria walikuwa wamejikunyata chini, mashuka mabegani, wakinitazama kwa macho ya watu waliocheleweshwa bure. Mume wangu Mihayo alikuwa amebaki ndani, upande wa kushoto, mkongojo kati ya magoti.

Na ni kweli, nilikuwa nimewachelewesha bure.

Miaka ile ya sabini, geji ya upepo ilikuwa kitu cha gereji kubwa. Sisi wa Usangu tulipima matairi kwa rungu. Mihayo alinifundisha hilo kabla hata hajanifundisha usukani: unagonga, unasikiliza. Tairi lililoshiba hulia kama ngoma iliyoota jua. Lenye njaa huguna. Matairi yetu makuukuu niliyajua kama mama anavyojua kikohozi cha kila mwanawe.

Kisha siku moja, Mihayo akiwa usukani, tairi la mbele likapasuka kwenye mteremko wa Kitonga. Lori likalala ubavu, nyonga ya Mihayo ikavunjika. Asubuhi ile hakugonga matairi. Nkuba, kaka yake, alikuwa pembeni akimharakisha, wawahi harusi ya binamu yao.

Toka hapo usukani ukawa wangu. Ukoo ulinung'unika: mwanamke wa Kisukuma, avae gambuti, aamuru wanaume washuke kwenye lori? Aliyenung'unika kuliko wote alikuwa Nkuba. Nikawaacha wanung'unike, nikawasha lori.

Matairi mapya tuliyangoja karibu mwaka mzima; yalikuwa adimu kuliko sukari. Yalipopatikana Iringa na kufungwa, tukapakia mahindi na abiria wa Mbeya, Nkuba naye akapanda. Nikashika rungu, nikagonga la kwanza. Likajibu, du. La pili, du. Yote yalijibu hivyo hivyo, mazito, mageni, yenye kuta nene kama za ghala. Lililojaa na lililopungua, sauti moja. Nilisimama pale kama mtu aliyeamka asubuhi akakuta masikio yameziba.

Ndiyo maana tulipofika Nyololo nilisimama. Usukani ulikuwa unanivuta kushoto, au nilidhani unanivuta. Nikashusha watu wote. Dereva wa lori la mafuta akatuazima geji, tukapima tairi moja moja, na yote yakawa sawasawa. Hapo ndipo ufunguo ulipochomolewa.

"Nipe, shemeji," nikasema.

"Matairi mapya haya. Unatafuta nini, uchawi?"

"Nipe ufunguo."

"Umekosea mbele ya watu."

"Nimekosea kusimama. Sijakosea kuendesha. Na huko mbele nitasimama tena. Nikikosea tena, nitasimama tena."

Akanisogelea, sauti yake ikashuka mpaka anayesikia nikawa mimi tu. "Kila ukisimama, Regina, unanisema mimi. Unawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemvunja ndugu yangu."

Hilo sikulitegemea. Miezi yote ile nilidhani anautaka usukani. Huruma ikanipanda kifuani, lakini nikaikatalia isiniendeshee lori.

"Sikusemi," nikamjibu. "Yule bibi pale ana wajukuu wanaomngoja Mbeya. Nasimama kwa ajili yake."

Bibi mwenyewe, Rozalia, Mhehe wa Kalenga aliyesafiri na tenga la kuku, alisikia akitajwa. Akasimama, akakung'uta kanga yake.

"Mimi napanda," akasema. "Huyu mama akiniambia nishuke tena, nitashuka. Miguu ya kushukia ninayo."

Akainua tenga lake, akapanda. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, baadhi wakisonya.

Ndipo Mihayo alipotoa kichwa dirishani. "Kaka," akasema taratibu, "rudisha ufunguo wa dereva."

Hakusema wa mke wangu. Alisema wa dereva. Nkuba aliuweka juu ya boneti, si mkononi mwangu. Nikauchukua, nikapanda.

Tuliipita Makambako, tukateremka mpaka joto la Usangu likaanza kuingia dirishani. Njiani nilikuwa nawaza: kama masikio yamenitupa, ngozi ninayo. Tairi lenye upepo mdogo huchemka upesi kuliko wenzake.

Igawa nikasimama. Safari hii hakuna aliyeuliza. Watu walishuka wenyewe, wakajinyoosha, wengine wakaenda kununua miwa. Nikaanza upande wangu, kiganja juu ya tairi, kisha juu ya jingine, nikilitafuta lenye homa. Halikuwepo. Nilipofika nyuma nikamwona Nkuba amechuchumaa upande wa pili wa lori, kiganja chake juu ya tairi, ametulia kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Huku yote mazima, shemeji," akasema bila kunitazama.

"Asante."

Nikamsubiri ainuke. Kisha nikazunguka upande ule, nikayagusa yote mwenyewe.