Betri Yenye Maneno ya Marehemu

Mshonaji alikuwa akipinda pindo la sketi, mteja kasimama mbele yake, simu ilipolia mlio wa ujumbe. Jina lililotokea lilikuwa la mume wake, na mume wake alizikwa kabla ya mvua kuanza.

"Umeme umekatika, mama watoto. Nimeshikilia kwa betri. Usiwe na wasiwasi."

Taa juu ya cherehani ilikuwa inawaka.

Mteja akauliza kama kuna habari mbaya. "Hapana," alisema, huku pini zikimponyoka vidoleni.

Marehemu alikuwa mpiga picha za harusi. Kazi zake zote alizihifadhi kwenye kisanduku cheusi koridoni, kando ya ruta ya intaneti, diski zake zikinguruma mchana kutwa. Chini yake aliweka betri ya akiba, nzito kama jiwe, ili umeme ukikatika kisanduku kipate muda wa kufunga mafaili na kuzima salama. Mkewe alikipangusa vumbi tu. Mambo mengine yalikuwa ya mwenyewe.

Ujumbe ukarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakumwambia mtu. Utamwambia nani kwamba maiti anakuandikia? Akawa anapita koridoni kiubavuubavu, akijibu chinichini, "Nimekusikia, baba."

Kisha mchana mmoja maneno yakabadilika: "Nguvu zinaniishia. Nazima taratibu."

Akampigia shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta.

Shemeji alizisoma zile jumbe akiwa bado amesimama mlangoni.

"Hii ni kazi ya kaka," alisema. "Maneno haya aliyaandika mwenyewe, akaiagiza mashine ikutumie kwa akaunti yake."

"Mbona umeme haukatiki?"

"Betri inajipima yenyewe kila wiki. Ikijipima inajitenga na umeme kidogo, kisanduku kinadhani umekatika."

"Na hilo la kuishiwa nguvu?"

Fundi alinakili kwanza picha zote kwenye diski nyingine, akazima kila kitu, ndipo akaitoa betri. Ubavu wake ulikuwa umevimba kama mto. "Imechoka, shemeji, ikijipima tu inaishiwa. Umeme ungekatika kweli, kisanduku kingezimika ghafla, na picha labda zingeharibika."

Akaweka betri mpya, akaiacha ijae chaji. Kesho yake alirudi kuijaribu.

"Chomoa wewe," alisema, akionyesha plagi ukutani.

"Siwezi kumzima."

"Humzimi yeye."

Alichomoa. Betri ikatoa mlio mwembamba, na vitaa vya kisanduku havikutetereka. Ujumbe wa kwanza ukaingia. Wakakaa sakafuni bega kwa bega, wakitazama kwenye kompyuta ya fundi jinsi chaji inavyoshuka. Ilishuka polepole. Chai ikapoa. Ndipo simu ikatetemeka tena: "Nguvu zinaniishia. Nazima taratibu."

Diski zikapunguza mwendo, zikavuta kitu kama pumzi, zikanyamaza.

Siku ile mumewe alipofariki hospitalini, mshonaji alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Aliporudi na chupa walikuwa wameshamfunika uso. Safari hii hakuondoka. Alikaa kwenye ukimya ule, kiganja chake juu ya kisanduku, mpaka joto la diski likaanza kupoa.

"Imefaulu," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Tunaweza kuchomeka."

Kisanduku kikaamka. Fundi akauliza kama abadilishe maneno, aweke ya kawaida.

"La kwanza liache," mshonaji alisema. "Hilo la kuzima lifute. Andika tu kwamba betri imeisha."

Fundi akaanza kuandika, kisha vidole vikasimama. Alikuwa amempa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kaka alikuwa anaandika kama anavyoongea," alisema.

Mshonaji akavuta kigoda, akakaa karibu naye.