Rimoti Yenye Matundu Matatu

Sindano alikuwa amepiga magoti sakafuni, anamvisha mama yake mkubwa kiatu cha kushoto, na runinga ilikuwa inawaka bila mtu ndani yake. Kioo kilikuwa buluu tupu, na katikati maandishi meupe: KIFURUSHI CHAKO KIMEISHA. LIPIA DENI ILI KUENDELEA.

"Leo tena hawajaja?" mama mkubwa akauliza.

"Hawajaja. Nyanyua mguu."

"Wamekasirika. Wewe uliwajibu vibaya."

"Sijamjibu mtu, Mama mkubwa. Nyanyua mguu basi."

Kutoka kitandani mama yake mzazi akacheka kidogo, akishika nyonga isiumie. "Muache dada yangu. Jana kawaita mpaka sauti imekauka."

Jina halisi la Sindano mtaani walishalisahau. Tangu aweke cherehani mbele ya mlango na kuanza kushona sare za shule, alikuwa Sindano kwa wakubwa na Mama Sindano kwa watoto. Wazee hawa wawili walikuwa wake peke yake. Mama yake alikuwa na akili nzima na miguu isiyofika hata chooni bila kushikwa. Mama mkubwa, dada wa mama, miguu yake ilikuwa ya chuma, ila akili ilikuwa inatoka na kurudi. Nyumba ikiwa kimya aliamini kwamba watu wote wamehama wakamsahau, naye alitoka kwenda kuwatafuta. Akiona nyuso na kusikia sauti, alitulia kitini kutwa nzima kama mgeni aliyekaribishwa. Redio walishaijaribu. Aliigonga kwa mwiko ili waliofungiwa ndani watoke.

Siku ya tatu sasa runinga ilikuwa imefungwa. Jana, Sindano akiwa ameinamia cherehani, mama mkubwa alipita nyuma yake taratibu. Muuza maji ndiye aliyemrudisha kutoka barabara kuu akiwa na kiatu kimoja. Alisema lori lilimpigia honi hadi akakaa chini katikati ya lami.

"Mfungie kwa nje," jirani alimshauri. "Utafanyaje sasa? Wewe unafanya kazi."

Kwa hiyo juu ya meza kulikuwa na kufuli jipya, bado limo kwenye nailoni yake. Sindano alilinunua jana jioni, akalitazama, akasali, akalitazama tena. Hakulifungua. Watu wawili wazima, mmoja hawezi kusimama, mwingine hajui mlango ni nini, uwafungie ndani kama kuku? Moto ukitokea je?

"Leo nakwenda na Mama mkubwa huko ofisini kwa hao waliotufungia runinga," alimwambia mama yake. "Mlango nauacha wazi. Jirani atakuchungulia."

"Nenda. Na usirudi na ahadi, mwanangu. Ahadi tunazo hapa za kutosha."

Kuichagua runinga hiyo kulikuwa kumemchukua wiki mbili. Runinga yao ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, ilinyamaza siku walipozima mitambo ya zamani, na kila aliyekuwa na runinga ya namna hiyo akaambiwa anunue king'amuzi. Sindano alizunguka maduka matatu. Katika la kwanza walimwonyesha runinga bapa kama sinia, unaweza hata kuisemesha.

"Hii ina akili, mama," muuzaji alisema. "Unaingia na namba yako ya siri, unachagua programu, unafurahia."

Sindano akauliza swali moja tu. "Wakiizima, halafu wakaiwasha, inarudi palepale walipokuwa?"

"Inarudi mwanzo. Mtumiaji anachagua upya."

"Mtumiaji ana miaka themanini na zaidi, na anafikiri mimi ni shangazi yake."

Muuzaji alicheka, kisha akaona Sindano hacheki.

Swali lilelile akalipeleka duka la pili, wakamjibu kwa kumsifia rangi. Katika la tatu alipata king'amuzi, kisanduku kidogo cheusi na antena yake. Ukikizima na kukiwasha kilirudi palepale. Na juu ya boksi lake palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: CHANELI ZA TAIFA BURE DAIMA. HAKUNA MALIPO YA MWEZI. Alisoma maneno hayo mara mbili, kidole kikifuata kila neno, jinsi alivyofundishwa darasa la pili. Akanunua, pamoja na runinga ndogo ya mtumba ya kukichomekea.

Rimoti ilikuwa na vitufe arobaini na vinne. Sindano alivihesabu, akachukua kipande cha kaki kilichobaki kwenye kaptula za wanafunzi, akaishonea rimoti nguo. Aliacha matundu matatu, akayapiga pindo kama matundu ya vifungo: la kuwashia kwa uzi mwekundu, la sauti kwa uzi wa buluu, na la tatu, la kitufe cha OK, kwa uzi wa kijani. Hilo la tatu alishauriwa na fundi aliyepanda juu ya bati kufunga antena.

"Ikiuliza kitu chochote, wabonyeze OK," fundi alipiga kelele kutoka juu. "Itatulia."

Akawafundisha hivyo. Wiki tatu nyumba ilikuwa na amani. Msomaji habari akisema "hamjambo, watazamaji," mama mkubwa alijibu "hatujambo, mwanangu, karibu," na akifunga taarifa alimwombea safari njema. Kisha adhuhuri moja kisanduku kiliuliza kama wangependa Kifurushi cha Dhahabu, furahia sasa, lipa baadaye. Mama mkubwa akabonyeza tundu la kijani.

"Aliuliza vizuri," alisema baadaye. "Ningemkatalia mtu aliyeuliza vizuri?"

Mwezi wa dhahabu ulipokwisha kisanduku kilifunga kila kitu, pamoja na zile chaneli za bure.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa na sakafu inayoteleza na ubaridi wa mashine. Ukuta mzima ulikuwa runinga, kumi na mbili, zote zinaongea. Mama mkubwa alisimama mlangoni, macho yakajaa.

"Kumbe wamehamia huku!"

"Ndiyo. Kaa hapa uwasalimie."

Akakaa safu ya mbele, mkoba mapajani. Alianza na runinga ya juu kushoto, akazisalimia zote kwa zamu. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akafunika mdomo.

"Mjukuu wangu," mama mkubwa akamwambia, "mbona umesimama? Hawajakupa kiti?"

"Hawajanipa, bibi."

"Hawana adabu."

Sindano alipewa karatasi yenye namba. Mbele yake walikuwepo watu kumi na kitu: fundi baiskeli mwenye grisi hadi kwenye viwiko, mama muuza maandazi na ndoo yake tupu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walianza kuulizana polepole, kama watu wa foleni wanavyofanya.

"Wewe una shida gani?"

"Wamenifunga," Sindano akajibu. "Wanasema nilikubali dhahabu."

"Hee! Na wewe?" fundi baiskeli aligeuka mzima. "Baba yangu haoni vizuri. Alibonyeza akidhani anaongeza sauti. Sasa wananidai mimi."

"Kwangu ni mjukuu, ana miaka minne," alisema muuza maandazi. "Nimewauliza, mtoto wa miaka minne anaingia mkataba? Wakaniambia mfumo hautambui umri."

"Haya, wametuweza," mzee wa miwani akasema, na wote wakacheka cheko lisilo na raha.

Namba ya Sindano ilipoitwa, dada wa kaunta hakuinua macho. Alikuwa na kucha ndefu zilizopakwa vizuri, naye alizigonga kwenye kibodi kama mvua ya kwanza juu ya bati.

"Unadaiwa mwezi mmoja wa dhahabu, mama. Ukilipa, nakufungulia."

"Sikuitaka dhahabu, mwanangu. Nilinunua kitu cha bure." Sindano alitoa kwenye mfuko ule upande wa boksi aliokuwa ameukata kwa mkasi, akauweka juu ya kaunta, akasoma kwa sauti. "'Chaneli za taifa bure daima.' Hapa hakuna neno linalosema 'mpaka.'"

"Ni kweli, ila mlikubali. Mfumo unaonyesha mteja alibonyeza OK."

"Mteja yule pale."

Dada wa kaunta akatazama. Mama mkubwa alikuwa anamweleza mtangazaji wa mpira kwamba asipige kelele, kuna mgonjwa nyumbani.

Dada akaacha kugonga kibodi. Uso wake ulilegea, mtu angeweza kuona kwamba naye ana bibi mahali fulani. Kisha akashusha sauti. "Mama, mimi ningekufungulia. Sina uwezo. Mfumo hauruhusu. Andika barua, itakwenda makao makuu, majibu ni siku ishirini na moja za kazi."

"Siku ishirini na moja yule nimweke wapi?"

"Kwa kweli sijui, mama. Namba inayofuata!"

Sindano hakuondoka. Alisogea hatua mbili, akavuta kiti hadi pembeni ya kaunta, akatoa kwenye mfuko shati la shule lisilo na vifungo, uzi na sindano, akaanza kushona. Alikuwa na mashati thelathini ya kukabidhi Jumatatu na alikuwa amebeba manane.

"Mama, huwezi kukaa hapa," dada wa kaunta akasema.

"Nyumbani siwezi kufanya kazi, mmenifungia. Nitafanyia hapa. Bibi ametulia, mimi nimetulia. Msijali."

Alimaliza shati la kwanza, akaanza la pili. Watu waliokuwa wakiingia waliuliza kulikoni, na waliokuwa ndani walieleza, na kila mara maelezo yalikuwa na sauti kubwa zaidi. Alipofika shati la nne, mlango wa kioo nyuma ya kaunta ukafunguka, akatoka msimamizi, mwanamume mwenye tai fupi na simu mbili mkononi.

"Huyu ni nani? Mlinzi! Watoe hawa."

Mlinzi alimtazama mama mkubwa. Mama mkubwa alikuwa amempisha nusu ya kiti chake, anampigapiga pale pa kukaa.

"Bosi," mlinzi akasema, "huyu bibi namtoaje? Ananiita mjukuu tangu asubuhi."

Foleni ikacheka. Msimamizi hakupenda kicheko hicho. Aliona watu walivyokaa, akaona mmoja tayari ameinua simu anapiga picha. Akaguna, akamwambia dada wa kaunta ainuke, akakaa yeye. "Namba ya king'amuzi?"

Sindano akaitaja, tarakimu moja moja. Msimamizi akagonga, akagonga tena, akabonyeza kitufe kimoja kikubwa. Basi. Sindano alikuwa bado ameshika uzi mdomoni, anaulowesha autunge.

"Imefunguka. Na deni nimelifuta. Ukifika zima, washa." Akainama hadi harufu ya manukato yake ikamfikia, akanong'ona. "Nimekusaidia wewe tu kwa sababu ya huyu mzee. Chukua mtu wako uondoke kimyakimya. Huko nyuma usitangaze."

"Na hao je?"

"Hao wana taratibu zao. Wataandika barua."

"Ulisema... mlisema mfumo hauruhusu."

"Mama, nisikilize vizuri." Sasa hakuwa anatabasamu. "Nilivyofungua ndivyo nitakavyofunga. Sekunde moja tu."

Sindano alikunja shati. Alilikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya. Akilini aliliona lile kufuli la nyumbani kwenye nailoni yake. Aliona lami, na kiatu kimoja, na lori. Alikuwa na kila alichokijia. Angemshika mama mkubwa mkono, wangetoka, na kabla ya saa nane nyumba ingekuwa na sauti za watu. Hakuna ambaye angemlaumu, maana hakuna ambaye angejua.

Ila Mungu alikuwa ameona, na yeye mwenyewe alikuwa ameona. Nyuma yake fundi baiskeli alikuwa ameshaanza kuandika barua yake gotini, grisi inachafua karatasi, anamuuliza mzee wa miwani "deni" wanaandikaje kwa lugha ya ofisi.

Bwana, nisimamie, alisema moyoni. Akageuka.

"Jamani," alisema. Sauti ilitoka ndogo, kwa hiyo akairudia. "Jamani! Acheni hizo barua. Mfumo unafungua. Amenifungulia sasa hivi na deni amelifuta, nimeona kwa macho yangu, wala sijamaliza kutunga uzi. Kitufe anacho hapahapa, mkononi mwake. Mwambieni awafungulie na nyinyi."

Kalamu ya fundi baiskeli ikasimama juu ya karatasi. Runinga kumi na mbili ziliendelea kuongea peke yake.

"Mama!" Msimamizi alikuwa ameinuka nusu, kidole juu ya kibodi. "Nilikuonya au sikukuonya?"

"Umenionya. Funga basi."

"Nafunga!"

"Funga, baba. Nimekwambia funga. Ila funga wakiwa wanakuona, na wewe uwaambie kwa mdomo wako kwamba haiwezekani."

Kidole kilibaki hewani. Nyuma yake Sindano alisikia kiti kimoja kikisukumwa, kisha ndoo ya maandazi ikigonga sakafu, kisha viti vingi kwa pamoja, watu wakiinuka kusogea kaunta. Hakugeuka kuwahesabu. Alikuwa anakitazama kile kidole, na hakukusudia kukiacha mpaka kiseme kitakwenda wapi.