Mwanaheri wa Jumatano

Mama Jovina wa Tegeta alikuwa hataki mkwe daktari wa vichaa, na hilo alilisema mchana kweupe. Mkwe daktari alimtaka, tena sana. Lakini daktari wa nini? Hapo ndipo Jovina, mtoto wa watu, alipoanza kuchezea vidole. Mchumba wake, Tusajigwe, alikuwa amemaliza miaka mitano ya chuo, amemaliza mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na sasa yuko kliniki moja ndogo Chamazi anasikiliza wagonjwa wa akili. Vyuo viwili vilishampa nafasi ya kusomea ubingwa, kimoja upasuaji, kingine magonjwa ya akili, achague kabla ya mwisho wa mwezi. Kijana akasema anataka akili. Aache upasuaji, jamani, kitu ambacho ukikitaja tu kanisani watu wanageuka!

Theonest, baba mdogo wa Jovina, ndiye msemaji wa ukoo tangu kaka yake afariki. Yeye alitoa sharti: kijana asome upasuaji, la sivyo posa yake airudishe kwao Mbeya. Mama Jovina akaona sharti halitoshi, akataka na ushahidi. Watu wanasema daktari akikaa sana na wagonjwa wale naye anaanza kuongea peke yake. Basi alitaka amfume kijana akiongea peke yake, amletee Jovina habari ikiwa bado ya moto, mambo yaishe.

Siku ya Jumatano Mama Jovina, mwalimu mzima wa shule ya msingi, Mkatoliki wa Bukoba, mwanakwaya, akaazima baibui kwa jirani na kuaga kwamba anaenda msibani. Uongo huo ulimtoka kirahisi, maana misibani alikuwa hakosi. Chamazi nani atamjua? Hata kijana mwenyewe walikuwa hawajaonana bado. Mapokezi akajiandikisha Mwanaheri. Alipoingia na kumwona kijana mrefu, mikono ya shati ameikunja, anamsogezea kiti, akajisahau, akapiga ishara ya msalaba. Kijana aliitazama ile ishara, akalitazama jina kwenye faili, akachukua kalamu.

Mwanaheri akaanza vituko vyake. Akasema anasikia sauti. Zinasemaje? Zinamwita. Kwa lugha gani? Hapo akakwama kidogo, akasema Kichina. Akaongeza kwamba mbuzi wa jirani anamsengenya. Kijana aliandika yote bila kucheka, mtu wa ajabu kweli, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama," akauliza, "mara ya mwisho umelia lini?"

"Jana," akasema, kabla hajajizuia. "Na juzi."

Basi yakamtoka. Tangu mumewe afariki, miaka mitatu sasa, hakuna msiba aliouacha kuanzia Tegeta mpaka Kawe, wa anaowajua na wa asiowajua. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa kujitoa. Moyo gani! Msibani mtu analia mpaka anachoka, na hakuna anayemuuliza analilia nini. Nyumbani akilia, Jovina anaogopa. Kuna msiba mmoja alilia kuliko mjane mwenyewe, mpaka wanawake wakaanza kunong'onezana marehemu alikuwa nani wake. Hapo kijana akashindwa, akacheka. Naye akacheka, halafu akalia, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amekufa.

Akarudi Jumatano iliyofuata. Na iliyofuata. Jovina akabaki kushangaa watu gani hawa wanaofaga Jumatano tu. Usingizi ukaanza kumjia mama wa watu, misiba akaanza kuichagua. Na ushahidi je? Ushahidi alishausahau, mpaka mshenga alipopiga simu kwamba Jumamosi wanakuja kusikia jibu la mwisho.

Ndipo akashika kichwa. Akimkataa, Jovina wake ataumia. Akimkubali, kliniki basi, maana mkwe ni mkwe. Kwao Bukoba, na kwao kijana vilevile, mkwe wa kiume akimwona mama mkwe anainamisha macho na kumpisha njia. Mtu wa hivyo utamwambiaje kwamba ulimlilia marehemu usiyemjua? Alimhitaji yule kijana, na ilimuuma kukiri. Wiki nzima alikuwa mkali hata kwa sufuria.

Jumamosi Tusajigwe akaingia na mshenga wake. Akamwona. Mama Jovina alisimama na kitenge chake kipya, anaomba ardhi ipasuke immeze.

"Shikamoo, mama," kijana akasema, kichwa chini, kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Hakupepesa hata jicho.

Theonest akauliza habari za upasuaji. Kijana akajibu kwa adabu kwamba kwenye upasuaji mgonjwa analazwa kwa dawa, na yeye anawapenda wale wanaoongea. Nafasi ya magonjwa ya akili alishaithibitisha. Wakimnyima Jovina, yeye ataumia sana, lakini atasoma hiyohiyo. Theonest akamcheka. Nani mwenye heshima zake anakwenda huko? Amtaje mmoja tu.

"Siwezi kumtaja, mzee."

Theonest akawageukia ndugu, mnaona, hakuna. Akaichukua barua ya posa amrudishie mshenga.

"Mie ndiye naenda," Mama Jovina akasema. "Kila Jumatano. Najiita Mwanaheri, navaa baibui la jirani. Theonest, weka hiyo barua mezani. Kijana asome anachotaka, na mtoto namtoa."

Jovina alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Aibu ilimpanda Mama Jovina mpaka masikioni, na nafuu ikampanda hivyohivyo, akashindwa kujua ipi ni ipi. Akamgeukia kijana.

"Ila sasa wewe ni mkwe wangu, huwezi kunisikiliza tena. Nitafutie mwingine."

Kijana, macho chini kama inavyotakiwa, akatoa kalamu na kuandika nyuma ya kadi: Dokta Kaneez, Kawe, Jumanne. Mama Jovina akaisoma. Hakuiweka kwenye pochi.

"Huyu ameolewa?"

"Ameolewa, mama."

"Una hakika? Maana kaka yake Jovina, Apolinari, bado hajaoa, na mie daktari wa tatu sitafuti."