Kipande Chenye Saini ya Shemeji

Mwaka mzima nilitembea na kipande cha ram, kumbukumbu ya kompyuta, kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Ni kijibao cha kijani, kifupi kuliko kidole changu cha kati, chenye vitalu vinane vyeusi na stika ndogo nyeupe. Juu ya stika kuna tarehe na saini. Saini si yangu. Ni ya shemeji, mume wa dada yangu wa pekee, na ndiyo maana sikukitupa.

Korido yetu ya mafundi iko ghorofa ya pili, meza huku na meza kule, nyaya zinaning'inia darini kama nywele zisizochanwa. Tuna sheria moja ambayo haikuandikwa popote na hakuna anayeivunja. Kifaa hakiingii kwenye mashine ya mteja bila stika ya fundi aliyekichagua. Anayekaza skrubu hahesabiki. Mashine ikigoma hatushikani mashati. Tunafungua, tunasoma stika, na aliyetia saini ndiye anayejibu.

Siku hiyo ya mwaka jana nilikuwa bado nafanya kazi kwenye meza ya shemeji, maana ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi. Alikuja Mama Mkuu, mkuu wa chuo cha uchapaji cha mtaa wa pili, na laptop yake iliyokuwa inajikokota. Alitaka iongezwe ram kutoka giga nne hadi nane. Shemeji akachomoa kipande kwenye droo, akakigeuza mara moja, akatia saini kwenye stika, akanipa. "Funga hiyo." Nikafunga. Kikaingia vizuri, kikabana tak! kama kimezaliwa humo. Nikawasha. Skrini nyeusi. Mashine ikalia pii, pii, pii.

"Umefanya nini?" shemeji akasema, na sauti yake ikafika hadi kwenye ngazi. "Umeniulia mashine ya mama wa watu! Mchomaji wewe!"

Alinisukuma pembeni, akachomoa kile kipande, akakitupa chini, akarudisha cha zamani, akawasha. Ikawaka. Korido nzima ikampigia makofi, na hakuna aliyekumbuka kusoma stika. Alikuwa ameizima mwenyewe, kisha akasifiwa kwa kuifufua. Mama Mkuu alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema, "Kijana, jifunzie kwenye mashine za kwenu."

Nilifungua mdomo nijitetee, nikamwona dada mlangoni, ameshika chakula cha mchana cha mumewe. Macho yake yaliniomba ninyamaze. Nikanyamaza. Nikakiokota kipande kutoka sakafuni, nikatia mfukoni, nikaondoka. Kufikia jioni nilikuwa na jina jipya. Mchomaji. Hata wasionijua walilijua.

Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilipata meza yangu mkabala na ya shemeji, hatua sita, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa wazi, na kwa sababu nilitaka anione kila akiinua kichwa. Nikaamua nitajua ram kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Nilisoma maandishi madogo mpaka nikayaota. Nikagundua kisa cha ile skrini nyeusi. Laptop za aina ile zinakula umeme mdogo, volti moja nukta tatu tano. Kipande nilichopewa kilikuwa cha volti moja nukta tano. Urefu ni uleule, pengo liko palepale, kinaingia bila kusukumwa, halafu mashine inakigomea. Kile cha volti ndogo hukubaliwa na mashine nyingi, mpya na kuukuu. Kile cha volti kubwa hukataliwa na hizi. Basi. Kuingia nyumbani si kukubalika nyumbani; hata shemeji aliingia kwetu.

Nikajua pia udhaifu wake. Shemeji huchagua ram kwa kuangalia pengo peke yake. "Ikiingia, imekubali," ndiyo kauli yake, na kwa mashine za zamani ilimtosha miaka kumi.

Mwaka huu Mama Mkuu alimpa kazi ya laptop ishirini za chuo, zote ndugu wa ile ya kwanza. Korido nzima ilijua. Betri, fundi wa simu wa meza ya jirani, ambaye ulimi wake haujawahi kuishiwa chaji, alinipigia mbinja.

"Mchomaji, umesikia? Shemeji yako amepata ishirini. Usisogee karibu, utaziwasha moto kwa kuzitazama."

Nikacheka naye. Jino kwa jino, lakini mdomo umefungwa.

Jumanne boksi lilifika. Shemeji alilifungua mezani, akazipanga ram safu kwa safu. Nikapita kana kwamba naenda msalani, nikapunguza mwendo. Nilisoma ya kwanza, nikasoma ya pili. Moja nukta tano. Moja nukta tano. Zote zile zile, na hakuna hata moja iliyokwisha kubandikwa stika. Muuzaji wetu hupokea tena kifaa kisichobandikwa. Kikishapata stika na saini, ni chako kwa heri na kwa shari.

Neno moja tu lingetosha. "Shemeji, soma volti." Nililisikia ulimini, nikalimeza. Nilirudi kwenye meza yangu, nikakaa, nikamtazama akibandika. Saini ya kwanza. Saini ya tano. Saini ya ishirini. Kila saini nilihisi mfuko wa shati langu ukipata joto. Kisha nikatoka nje nikampigia muuzaji simu, nikamwambia aniwekee ishirini za volti ndogo, nitazichukua Ijumaa.

Ijumaa mchana dada alikuja kwenye meza yangu. Hakukaa.

"Kitinda," alisema. Ndivyo anavyoniita tangu nilipozaliwa, maana mimi ndiye wa mwisho. "Mashine haziwaki. Hata moja. Shemeji yako tangu jana hajatia kitu tumboni."

"Pole yake."

"Njoo umwangalizie. Mama Mkuu anakuja kesho saa nne kuzichukua. Wanafunzi wake wana mtihani Jumatatu."

"Nitakuja."

Akashusha pumzi. "Haya, twende."

"Kesho saa nne."

"Kesho? Kitinda, kesho Mama Mkuu atakuwa amesimama pale!"

"Ndiyo."

Alinielewa taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akavuta kiti, akakaa sasa, akashusha sauti. "Njoo leo jioni, watu wakishaondoka. Mimi na wewe na yeye. Atakuomba msamaha, nitahakikisha."

"Aliniita Mchomaji mchana kweupe, dada, watu wote wakisikia. Aniombe msamaha gizani kama anakopa?"

"Ni mume wangu."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mdogo wangu. Nilikubeba mgongoni, nikienda kisimani na wewe unanivuta nywele. Nakuomba mimi, si yeye."

Hapo nilikaribia kulegea, nakiri. Lakini nilikumbuka yale macho yake mlangoni, yalivyoniomba ninyamaze, na nilivyolipa ombi lile kwa mwaka mzima wa jina lisilo langu.

"Uliniomba mara moja," nikasema. "Nikakupa."

Aliondoka bila kuaga.

Jumamosi saa nne Mama Mkuu alipanda ngazi na wanaume wawili wa kubeba. Mafundi wakaacha kazi zao. Habari za mashine kugoma hazihitaji tangazo. Betri alikuwa amegeuza kiti chake kabisa, amekaa kama yuko kwenye mpira. Shemeji alisimama nyuma ya laptop ishirini nyeusi, shati limemganda mgongoni.

"Mama, kuna hitilafu kidogo," alisema. "Labda hizi mashine zenu zina ubovu."

"Siku nilipokuletea zilikuwa zinawaka," alisema Mama Mkuu. "Ubovu zimeupatia hapa kwako."

Nikavuka zile hatua sita.

"Shikamoo, Mama Mkuu."

"Marahaba. Ah, si wewe yule..." Akatafuta neno, akalipata, akaona aibu kulitamka.

"Mchomaji!" Betri akamsaidia, na watu wakacheka.

"Ndiye mimi," nikasema. "Shemeji, ungependa nizitazame?"

Akasukuma mashine moja mbele. "Zitazame."

"Niite kwanza. Mimi na wewe tunafanya kazi moja. Niite kwa kazi yangu."

Kicheko kikakatika. Shemeji alimtazama mkewe, aliyekuwa ameegemea mlango palepale alipoegemea mwaka jana. Safari hii macho yake hayakumwomba mtu kitu.

"Fundi," alisema shemeji, kwa sauti ya mtu anayetapika mwiba. "Tusaidie."

Nilifungua mashine ya kwanza, nikachomoa ram, nikampa mkononi. "Wasomee kilichoandikwa hapo, kwenye volti."

Alikisogeza karibu na uso. Akakiondoa. Akanyoosha mkono mpaka mwisho, akakunja macho, kichwa kikarudi nyuma. Midomo yake ikachezacheza bila kutoa sauti. Nikaona, na nadhani nilikuwa wa kwanza kuona: hakuwa anakataa kusoma. Hakuwa anaona. Mwanaume huyu wa miaka hamsini na mbili alikuwa amechagua ram kwa pengo kwa sababu pengo ndilo kitu pekee ambacho macho yake yaliweza kukishika, na angekufa kabla ya kuvaa miwani mbele ya korido. Hata siku ile ya mwaka jana hakujua alichonipa. Aliniita Mchomaji akiamini.

Ningeweza kumpokonya kile kipande na kusoma mwenyewe. Mtu mwema angefanya hivyo.

"Soma, shemeji," nikasema. "Tunasubiri."

"Mwanga mdogo," alinong'ona.

"Amulikiwe!" Betri akapiga kelele, akawasha tochi ya simu. Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho nilikijua vizuri, nilikuwa nimelala nacho na kuamka nacho. Mkuki kwa nguruwe. Meno yote niliyoyaona yalikuwa yaleyale yaliyonicheka mimi, na sasa yalimgeukia yeye, nami nikashiba.

Dada alitoka mlangoni. Akapita katikati ya watu, akakichukua kipande mkononi mwa mumewe bila kumtazama mtu.

"Volti moja nukta tano," alisoma.

"Na mashine zinataka ngapi? Imeandikwa hapo ndani, chini ya betri."

Akainama. "Moja nukta tatu tano."

Ndipo nilipotoa kipande changu mfukoni. Stika ilikuwa imechakaa pembeni, lakini wino ulikuwepo. "Na hiki, dada. Ndicho kilichokuwa kwenye laptop ya Mama Mkuu mwaka jana. Volti ngapi?"

"Moja nukta tano."

"Tarehe?"

Akaisoma.

"Saini ya nani?"

Aliipangusa stika kwa kidole gumba.

"Ya mume wangu," alisema.

Mama Mkuu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Kumbe," alisema. Kisha akanigeukia. "Nilikutukana bure, fundi. Unazo zinazotakiwa?"

Ninazo, nikamwambia, na nikavuta boksi langu kutoka chini ya meza yangu. Moja moja, nilizifunga zote, na kila moja nilitia saini yangu kwa herufi kubwa kuliko stika. Ya kwanza ilipowaka watu walishangilia. Ya ishirini ilipowaka Betri aliimba jina langu jipya, "Fundi! Fundi!" akipiga ngoma kwenye boksi la spika, na korido nzima ikamwitikia. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono katikati ya magoti.

Watu walipokwisha kuondoka, dada alibaki akikusanya zile ishirini zilizokataliwa, akizirudisha kwenye boksi moja baada ya nyingine. Alisimama mbele yangu akiwa amelikumbatia.

"Ulikuwa na nyingine tayari," alisema. "Ishirini kamili. Ulijua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini sikuwa nimelisafisha jina langu ili nilitie uongo siku ileile.

"Jumanne. Nilizisoma nikipita."

"Kabla hajabandika?"

"Kabla."

Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayehesabu saini ishirini, moja moja, na mimi nimekaa natazama.

"Asante kwa kazi, fundi," alisema, akaondoka na boksi lake.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Shemeji anavaa miwani yenye fremu nene, na haachi kusoma kipande mara mbili kabla ya kutia saini. Hatujagombana tena. Hakuna anayeniita Mchomaji, hata kwa utani. Wateja hupanda ngazi wakiulizia fundi wa ram, na wanaonyeshwa meza yangu. Kipande kile nimekigongomea ukutani juu ya kichwa changu, stika ikitazama upande wa pili wa korido, na sijutii. Mtu akiniuliza kama ningerudia, najibu ningerudia.

Kila mchana dada huleta chakula cha mumewe. Hupita mbele yangu, na hasahau kunisalimia, maana amelelewa vizuri.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri, dada."

Huwa nangoja kidogo, bisibisi hewani, pengine ataniita Kitinda. Hatua zake huwa zimeshafika ng'ambo ya korido.