Tuko kwa Geti

Tangu siku Robert aliporudi nayo kutoka Kericho, mkewe Rodah alikuwa akiwaambia wanawake wa kanisani pale Sigor kwamba mumewe hakununua simu, aliongeza mke. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, nyembamba, inang'aa, na haikuwa na mahali popote pa kuifungulia. Robert aliipangusa kwa kitambaa cha miwani. Ndani yake aliishi mama mmoja mwenye sauti ya kizungu, anayejua barabara zote za dunia, na Robert alimsikiliza mama huyo bila kumkatiza, jambo ambalo Rodah hakuwahi kufanyiwa katika ndoa yao yote.

"Hii inaongea na setilaiti moja kwa moja," Robert alisema. "Hata sasa inajua tuko wapi."

"Tuko jikoni," Rodah alijibu. "Hata mimi najua."

Rodah aliigeuza simu huku na huku kama anayetafuta mlango wa nyumba. Akauliza betri inaingilia wapi. Robert akamweleza, kwa maneno aliyofundishwa na Kiarie mwenye duka, kwamba simu za kufunguka ni za zamani, na kwamba hii imezibwa hata maji hayaingii.

"Na fundi ataingilia wapi?"

Robert alitamani Kiarie angekuwa pale ajibu mwenyewe. Badala yake akaigeukia simu ya mkewe, ya kubonyeza, ambayo ilikuwa imebadilishwa betri, spika, kioo, vibonyezo na kifuniko cha nyuma, cha sasa kikiwa chekundu ilhali mwili ni wa buluu. Akauliza kama hiyo bado ni simu ileile. Rodah akasema kwamba hata mumewe amewekewa meno na miwani na bado anaitwa Robert.

Hayo yangebaki ya jikoni, lakini kijana wao Kiplangat alikuwa amempata Chepngeno, binti wa Mzee Kipchoge, ng'ambo ya Chepilat karibu na mpaka wa Nyamira. Ilibidi watu wa Sigor waende koito, kumwombea kijana mke, na Robert ndiye angekuwa msemaji. Kiplangat mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko, maana si heshima kijana kuzurura kwa wakwe kabla hajaombewa.

Sasa, Mzee Kipchoge alikuwa na sifa moja iliyovuka milima: alichukia uongo wa simu. Wageni wa kwanza waliokuja kumposa Chepngeno walimpigia na kusema, "Mzee, tuko kwa geti," naye akasikia kwa nyuma panga la bucha likikata mbavu na mtu akiagiza kachumbari. Walipofika hatimaye, wakipangusa midomo, hawakufunguliwa mlango. Kiplangat alimpenda yule msichana kweli kweli, na habari hiyo ilimkosesha raha. Asubuhi ya safari alimvuta babake kando ya gari waliloazima.

"Baba, naomba kitu moja tu. Usidanganye huyo mzee. Hata kidogo."

"Mimi?" Robert aliumia. "Mimi ni mzee wa kanisa."

Njia waliijua, au tuseme simu iliijua. Mzee Kipchoge alikuwa amepiga siku chache kabla ili awaelekeze. "Mkifika Chepilat mtaona posho mill," alianza. "Hapo muulize—"

"Mzee, hakuna haja ya kuuliza," Robert alimkata. "Wewe tuma lokesheni tu. Mahali iko, tutafika."

Mzee akaaga. Kisha lokesheni ikaingia. Rodah, aliyekuwa akichambua mboga, alisema, "Ungemwacha mzee amalize." Robert hakumsikia, maana alikuwa akiitazama ile alama nyekundu kwenye ramani na moyo wake umejaa furaha.

Kiplangat aliendesha. Robert alikaa mbele ameishika simu kwa mikono miwili, na nyuma Rodah alibanwa na wazee wawili wa ukoo waliovaa makoti ya harusi zao. Wakapita Sotik, mama wa simu akisema pinda hapa, nyooka pale, naye Robert akiyarudia yote kwa Kiswahili kama mkalimani kanisani. Walipofika Chepilat, Rodah aliiona posho mill, na mbele yake wanawake wamekaa na magunia yao ya mahindi ya kusagwa.

"Simama niulize."

"Uulize nini na setilaiti iko juu inatuona?"

Mama wa simu akawaingiza kwenye kinjia katikati ya chai. Matawi yalikwaruza milango. Wachumaji waliinua vichwa kutoka kwa vikapu, wakalitazama lile gari likipanda kilima na makoti yake, mmoja akapiga kelele jambo ambalo Robert alilichukua kuwa salamu. Juu kabisa wakaingia boma lenye nyumba ya mabati ya buluu na mparachichi mkubwa. Robert aliruka nje simu ikiwa mbele yake, akaifuata ile alama nyekundu hatua kwa hatua kupita kuku na kamba ya nguo, hadi akasimama mbele ya jiwe kubwa bapa chini ya mparachichi.

Mama wa simu akatangaza kwamba wamefika. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameongea tangu Sigor bila kupumzika, akazimika.

"Chaja iko?" Robert aliuliza.

"Iko nyumbani," Kiplangat alisema.

Hakukuwa na muda wa kusikitika, maana mwenye boma alikuwa anakuja mbio akiwa na gambuti za matope, mikono imenyooshwa. "Karibuni! Karibuni sana! Mongina, weka chai, wamekuja!"

Robert alifurahi, ingawa alishangaa kidogo. Alitarajia wazee wamejipanga, mlango umefungwa, na kuhojiwa kwa ukali wao ni wa ukoo gani. Badala yake walisukumwa ndani na kuketishwa kwenye viti vya vitambaa vilivyofumwa. Hakuna aliyewauliza shida yao, na hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu nchi hiyo yote, pande zote mbili za mpaka, mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanywa chai.

Chai ikichemka, Rodah alinyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

"Haifunguki, nimekuambia."

"Laini inatoka." Akavua hereni, akachokoa kando ya simu ile ya fahari, laini ikachomoza. Akaifungua yake kwa ukucha, akatoa betri iliyochoka, akaweka ya akiba aliyoibeba kwenye mkoba, na ile laini ndogo akaishikiza kwa kipande cha plasta. "Mkwe akipiga, atatupata."

Robert aliuona ulimwengu wake ukihamia kwenye simu ya kifuniko chekundu. Lakini alikuwa na hotuba ya kutoa, na baada ya kikombe cha kwanza akasimama na kukohoa.

"Sisi tumetoka mbali," akaanza. "Tumesikia hapa kwenu kuna kitu kizuri."

"Ukweli kabisa," mwenyeji alisema. "Hakuna kama hiyo mahali yote hapa."

"Tumekuja kuomba mtupatie."

"Chukueni! Hata leo."

Wazee wa ukoo walitazamana. Walikuwa wamejiandaa kubembeleza hadi wakauke koo.

"Hivyo tu?" Robert alisema. "Hatuzungumzi kwanza?"

"Tuzungumze nini na nimewangoja mpaka nikachoka? Kila siku watu wanakuja kusimama hapo nje. Asubuhi, jioni, wanaume kwa wanawake. Wengine wanapiga nduru mpaka mtoto analia."

Kiplangat aliweka kikombe chini. "Watu gani?"

"Wa kila aina, kijana yangu. Sasa nyinyi mkianza kuchimba hiyo kelele itaisha."

"Kuchimba nini?" Rodah aliuliza.

"Shimo ya mnara." Mwenyeji akawatazama mmoja mmoja, makoti yao, viatu vyao vilivyong'arishwa. "Si nyinyi ni watu wa mnara wa simu? Nimewaona mkienda moja kwa moja mpaka kwa jiwe na mashine yenu."

Ilibidi Rodah ndiye aulize kama hapa si kwa Mzee Kipchoge.

"Kipchoge? Mimi ni Mochama. Kipchoge ni jirani yangu, yuko huko bondeni. Kwake hakuna netiwaki hata ya dawa. Akitaka kuongea na simu anapanda hapa kama hao wengine wote, anasimama juu ya hiyo jiwe."

Wote waligeuka dirishani kulitazama jiwe. Robert akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Simu haikukosea hata kidogo. Ilikuwa imewaleta kutoka Sigor, kupita miji na mashamba, hadi kwenye nyayo za viatu vya Mzee Kipchoge, pale pale alipokuwa amesimama akibonyeza.

Akasimama aondoke, lakini Mongina, mke wa Mochama, alikuwa ameingia na sinia ya ndizi zilizopikwa, na mwanamke yule alijaa mlango. "Hakuna mtu anatoka hapa na chai iko kwa meza," alisema, na Robert akaketi. Nje jua lilikuwa limepanda sana. Aliwazia mwanawe akirudi nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya simu.

Ndipo simu ya Rodah ikalia. Akampa mumewe.

"Robert," ilisema sauti ya Mzee Kipchoge. "Mko wapi?"

Robert alikuwa na majibu mengi ya kweli ya kuchagua. Angeweza kusema wamepotea. Angeweza kusema wako kwa jirani. Lakini mdomo una mazoea yake, na wa Robert ulikuwa umejibu swali hilo namna moja tangu simu zilipoingia Kenya.

"Tuko kwa geti, Mzee."

Kiplangat alishika kichwa.

"Geti gani?"

"Hii yako," Robert alisema, akizama. "Ya kijani."

Mzee Kipchoge alisikika akipumua, na pumzi hizo zilisikika vizuri mno, upande mmoja kwenye simu na upande mwingine dirishani. Rodah akamvuta mumewe koti. Robert akageuka. Juu ya jiwe alisimama mzee mrefu mwenye kofia ya sherehe, simu sikioni, akimtazama moja kwa moja. Robert, ambaye hakujua la kufanya, akampungia mkono.

Mzee akakata simu. "Mimi sijaona mtu," aliuambia mparachichi, kwa sauti ya kusikika. "Mimi niko nyumbani nangoja wageni." Maana baba wa msichana hawezi kukutana na wakwe juu ya jiwe la jirani. Akateremka bondeni kupitia chai kwa kasi isiyolingana na umri wake, kofia ikipotea na kuonekana.

Mochama akawaelekeza. Robert alimsikiliza mwanzo hadi mwisho. Mochama aliporuka sehemu ya njia, Robert alimrudisha. "Na tukivuka hiyo daraja? Upande gani?" Kisha akayarudia yote kwa sauti, na Rodah akamtazama kama mgeni aliyekutana naye siku hiyo.

Kwa Mzee Kipchoge hapakuwa na geti la kijani. Hapakuwa na geti la rangi yoyote. Palikuwa na fito mbili zilizolazwa njiani kuzuia ng'ombe. Robert alizitazama, akatamani ardhi ipasuke immeze, lakini haikupasuka, basi akaziinua na kupita.

Ndani, Mzee Kipchoge alikaa kati ya wazee wake kana kwamba hakuwahi kuinuka tangu alfajiri, ingawa jani la chai lilikuwa limemnasa kwenye kofia. Waliulizwa ukoo wao, wakajibu. Kisha mzee akamgeukia msemaji.

"Njia ilikuwa aje?"

Robert aliona jinsi ya kujiokoa. Angesema tu ni nani aliyetuma ile lokesheni. Lingekuwa jambo la kweli kabisa, na wazee wote wangesikia. Akamtazama Kiplangat, aliyekuwa ameinama akingoja hukumu ya kosa lisilo lake, na huruma ikamshika.

"Tulipotea, Mzee," akasema. "Ulitaka kunielekeza nikakukata, kwa sababu nilikuwa na simu mpya. Halafu nikakudanganya juu ya geti. Hapa hakuna geti."

"Hakuna," Mzee Kipchoge alikubali. "Na mlifika aje?"

"Tuliuliza."

Rodah alijifunika mdomo kwa leso. Mwenyewe hakujua kama ni kicheko au machozi yaliyokuwa yanakuja.

Mzee Kipchoge akavua kofia, akaliona lile jani, akalitoa. "Hiyo lokesheni," alisema hatimaye, polepole, "mimi nilidhani inatuma nyumba ya mtu. Sikujua inatuma mahali amesimama." Kisha akapaza sauti upande wa jikoni. "Chepngeno! Lete mursik, wageni wana kiu."

Jikoni kilisikika kicheko kilichokuwa kimezuiwa muda mrefu. Kiplangat akainua kichwa, maana mursik haimiminiwi mtu anayefukuzwa. Chepngeno akaingia na kibuyu na vikombe, bila kumtazama mtu, akamimina maziwa hayo ya mgando hadi yakafika ukingoni.

"Na hiyo simu iko wapi?" Mzee Kipchoge aliuliza.

Robert akaitoa mfukoni. Mzee aliigeuza, akaipapasa kingo, akaitafutia mahali pa kuweka ukucha. "Inafungukia wapi?"

"Haifunguki," Rodah alisema, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Mzee Kipchoge akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akailaza mezani mbele ya Robert, na kikombe cha kwanza cha mursik akakitua juu yake, kitambaa cha meza kisichafuke.